Tuta la mboga zenye madini: mwongozo kamili kuanzia kwenye udongo hadi sufuriani

Kila msimu wa mboga huletewa jani lilelile. Mtu analitoa mfukoni limekunjwa kwenye karatasi, la mchicha au la sukuma wiki, limepauka, na maneno yake nayajua kabla hajafungua kinywa: samadi ameweka, urea ameweka, maji anamwagilia asubuhi na jioni, mbona mboga haziko sawa? Wengine mboga zao ni kijani cha kung'aa, lakini wameambiwa kliniki kwamba nyumbani madini hayatoshi, nao hawaelewi, maana mboga wanakula kila siku.

Kosa huwa ni moja. Watu wanaongeza chakula kwenye udongo bila kuangalia kama mmea unaweza kukifikia. Mmea hauli kilichomo ardhini, unakula kilichoyeyuka katika maji ya ardhini. Ghala linaweza kujaa na ufunguo ukapotea.

Mwongozo huu ni wa tuta moja la mita 1 kwa mita 10. Ukilielewa hilo moja, shamba zima ni kuzidisha tu. Ukitaka kupanda Machi, mvua za masika zinapoanza, shika kazi hii mapema Desemba. Anayeanza wiki moja kabla ya mvua ndiye atakayeniletea jani.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Vifaa: jembe, uma wa shambani kama upo, reki, panga, ndoo mbili za plastiki, kamba na vigingi vinne, keni ya kumwagilia, mizani ya jikoni, chupa ya kioo yenye mfuniko, na fimbo iliyonyooka ya mita moja na nusu.

Vya kuweka kwenye udongo: mabaki makavu (mabua, nyasi kavu, majani ya mgomba yaliyokauka), majani mabichi, samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku, na majivu ya kuni kidogo. Chokaa ya kilimo usinunue bado. Vilevile zinki. Majibu ya udongo ndiyo yatakayosema.

Mbegu: sukuma wiki, mchicha, na kunde za kula majani. Kunde usiziache, sababu ipo mbele.

Fedha ya kupima udongo. Hapa ndipo wengi wanapobana. Gharama ya kipimo cha kawaida ni ndogo kuliko ile ya mifuko ya mbolea isiyohitajika, na utapima mara moja kwa miaka miwili au mitatu. Tanzania zipo maabara za TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga na za Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kenya ipo ya KALRO, taasisi kama hiyo, pale Kabete. Afisa ugani wako atakuelekeza iliyo karibu.

## Udongo unaweza nini, na hauwezi nini

Sitaki ulime kwa matumaini ya uongo. Zinki, seleni na iodini ndani ya chakula hufuata sana udongo ulipolimwa. Malawi, mahindi ya udongo mweusi wa bonde la Shire, usio na uchachu, yana seleni nyingi kuliko mahindi ya udongo mchachu wa sehemu nyingine za nchi, na tofauti hiyo imeonekana hadi kwenye damu za wanaoyala. Finland waliamua mwaka 1984 kutia seleni kwenye mbolea, na kiwango cha seleni katika chakula chao kikapanda. Uturuki, uwanda wa Anatolia ya kati, ngano ilikuwa na njaa ya zinki mpaka mbolea ya zinki ilipoingia.

Chuma ni habari nyingine. Udongo mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya chuma, kimejaa tele, na bado mmea huchukua kwa kipimo chake wenyewe. Kuongeza chuma ardhini hakusaidii sana kwenye jani. Vitamini A nayo hutegemea zaidi aina ya zao na mbegu kuliko mbolea. Kwa hiyo mtoto aliyeambiwa ana upungufu wa damu afuate maelekezo ya kliniki, na tuta hili liwe msaada, lisiwe dawa.

## Hatua ya 1: Chukua sampuli ya udongo

Ondoa majani na takataka juu ya ardhi. Chimba vishimo 15 ukitembea kwa mwendo wa nyoka, kila kimoja sentimita 20 kwenda chini. Pembeni mwa kila kishimo kata kipande chembamba cha udongo kuanzia juu mpaka chini, uweke kwenye ndoo. Changanya vizuri, kisha toa nusu kilo. Anika kivulini kwenye karatasi safi, usianike juani wala jikoni karibu na moto.

Kwa tuta moja vishimo 15 vinaonekana vingi, najua. Chukua eneo lote la bustani utakalolima miaka ijayo, lakini sehemu yenye udongo tofauti itengenezee mfuko wake. Mchanga wa chini ya mwembe na mfinyanzi wa bondeni ukivichanganya utapata majibu ya shamba lisilokuwepo duniani.

Tahadhari: ndoo iwe ya plastiki. Ndoo ya bati imepakwa zinki, na ukichanganyia humo majibu yatasema una zinki ya kutosha wakati huna. Jembe lenye kutu nalo linaongeza chuma, lisugue kwanza. Usichukue udongo pale ulipochoma takataka, palipokuwa na zizi, wala kwenye mstari ulioweka mbolea msimu uliopita.

Umefanikiwa ikiwa: mfuko una udongo mkavu wa rangi moja, na lebo yenye jina la eneo, kina na tarehe.

Omba wapime vitu vinne: pH (namba ya uchachu wa udongo, ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa), kaboni ya asili (ya mabaki yaliyooza), fosforasi na zinki. Pesa ikiruhusu, ongeza potasiamu na kalisi. Ikikubana kabisa, pima pH peke yake. Hiyo moja ndiyo funguo.

## Hatua ya 2: Wakati unasubiri majibu, uliza udongo wenyewe

Chimba shimo la sentimita 20 kila upande na 20 kwenda chini, siku mbili tatu baada ya mvua au baada ya kumwagilia. Mwaga udongo wote juu ya gunia, uchambue kwa vidole.

Hesabu nyungunyungu. Wakifika kumi, udongo wako uko hai. Wasipokuwepo kabisa na ardhi ina unyevu, kuna njaa ya mabaki ya mimea, au uchachu, au sumu za dawa.

Angalia mizizi ya mimea iliyokuwa pale. Inashuka wima, au imefika mahali ikapinda kama goti? Ikipinda, chini kuna tabaka gumu, kawaida limetengenezwa na jembe linalogota kina kilekile miaka nenda rudi. Mzizi usioshuka hauchoti madini ya chini, hata yakiwepo.

Chukua bonge kavu, ukubwa wa yai, liweke taratibu kwenye glasi ya maji. Likisambaratika papo hapo na maji kuwa tope, udongo hauna gundi ya mboji ya kuushika. Likikaa dakika kadhaa likiwa zima, una bahati.

Kisha chupa. Jaza udongo theluthi moja, maji mpaka karibu na juu, chembe ya sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu dakika mbili, uiweke mahali isiguswe. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini ndani ya saa mbili hivi, mfinyanzi siku ya pili. Sababu ya kujua hili ni kiasi cha chokaa: mfinyanzi huhitaji nyingi, mchanga huhitaji kidogo.

## Hatua ya 3: Soma majibu

Karatasi ya maabara huwa na namba nyingi. Anza na hizi.

pH. Mboga nyingi hupenda 6.0 hadi 6.8. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imelala ardhini huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi hukamatwa na chuma na alumini isiweze kunyweka. Ikipanda juu ya 7.5, zinki na chuma ndizo zinazofungwa. Ndiyo maana mtu wa milimani Uluguru na mtu wa mawe ya matumbawe mashariki mwa Unguja hawawezi kupewa ushauri mmoja, ingawa wote wawili wanalia na mchicha wa njano.

Kaboni ya asili. Chini ya asilimia 1 ni udongo wenye njaa. Ukifika asilimia 2 na kuendelea, una akiba. Mabaki yaliyooza ndiyo yanayoshikilia zinki na wenzake yasioshwe na mvua na yasifungwe kwenye chembe za mfinyanzi. Katika mashamba ya ngano ya Ethiopia, wachunguzi waliona udongo wenye mabaki mengi ndio uliotoa nafaka yenye zinki na protini zaidi.

Zinki. Kwa kipimo kinachoitwa DTPA, chini ya miligramu 0.6 kwa kilo ni upungufu, na mpaka 1 bado ni pa kuangalia.

Fosforasi. Tazama kama maabara wameandika ndogo, ya kati au kubwa, maana kila njia ya kupima ina viwango vyake. Ikiwa kubwa sana, kwa sababu ya kumwaga samadi ya kuku na mbolea ya DAP miaka mingi, acha kuongeza. Fosforasi ikizidi huzuia zinki kuingia kwenye mmea. Nimeona bustani za nyuma ya banda la kuku zenye majani mapana na zinki ya kusikitisha.

## Hatua ya 4: Rekebisha uchachu (au uache!)

Kama pH ni 6.0 na kuendelea, ruka hatua hii. Kama uko kwenye udongo wa matumbawe wa pwani, ruka, na uache kumwaga majivu ya jiko kwenye mboga kila asubuhi. Majivu ni chokaa kwa jina jingine, unazidi kuzifunga zinki na chuma. Wewe dawa yako ni mboji, na ukihitaji mbolea ya nitrojeni, SA inakufaa kuliko CAN kwa kuwa inachachusha udongo kidogo kidogo.

Kama pH iko kati ya 5.0 na 5.5, weka chokaa ya kilimo kilo 2 kwa tuta letu la mita 10 za mraba. Hiyo ni sawa na tani 2 kwa hekta. Udongo wa kichanga weka kilo 1 hadi 1.5. Chini ya 5.0 na udongo ni mfinyanzi, kilo 4, lakini igawanye: nusu sasa, nusu msimu ujao.

Nyunyiza siku isiyo na upepo, uso ukiwa umefungwa kitambaa, kisha ichanganye kwa jembe mpaka sentimita 15. Chokaa iliyobaki juu haifanyi kazi, haitembei yenyewe kwenda chini. Inahitaji unyevu na miezi miwili mitatu, ndiyo maana nilisema Desemba.

Tahadhari tatu. Chokaa ya kupaka ukuta siyo hii, ile ni kali na inaunguza mikono na mizizi. Usichanganye chokaa au majivu na samadi mbichi wala urea siku moja, harufu kali utakayoisikia ni nitrojeni yako ikiondoka. Na usizidishe. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilipima kwa macho, nikamwaga karibu nusu mfuko kwenye tuta moja kwa sababu mfuko ulikuwa umeshafunguliwa. Maharage yalitoka njano, mishipa ya majani ikibaki kijani, dalili halisi ya chuma kufungwa. Tuta lile lilinichukua misimu mitatu.

Acha mita moja ya mwisho ya tuta bila chokaa wala mboji. Utapanda juu yake vilevile. Hicho ndicho kipande chako cha kulinganisha, bila hicho hutajua kama kazi yako ilisaidia au ni mvua tu ilikuwa nzuri.

## Hatua ya 5: Tengeneza mboji

Hapa ndipo watu hushindwa zaidi, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kinachoitwa mboji kwenye bustani nyingi ni samadi mbichi iliyokauka. Samadi mbichi ina mbegu za magugu, ina vijidudu vya tumbo, na nitrojeni yake hutoka kwa kishindo kisha huisha.

Chagua kivuli, mahali pasipotuama maji. Pima mraba wa mita 1.5 kwa 1.5. Katua ardhi kidogo ili viumbe vya chini vipande juu. Kisha jenga:

1. Vijiti na mabua magumu chini, ili hewa ipite.
2. Mabaki makavu yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 20.
3. Majani mabichi, sentimita 10. Alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano kando ya barabara, ni nzuri mno, majani yake yana nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Marejea na majani ya kunde pia.
4. Samadi, sentimita 5.
5. Udongo wa juu, viganja vichache, na majivu kiasi cha kuonekana tu.
6. Maji. Kila tabaka lilowe.

Rudia mpaka rundo lifike mita 1.2 kwenda juu. Chomeka ile fimbo kwa mshazari hadi katikati. Funika kwa majani ya mgomba.

Rundo hili litakupa madebe mengi kuliko tuta moja linavyotaka. Usilipunguze. Rundo lisilofika mita moja kila upande halichemki, na lisipochemka haliui mbegu za magugu wala vijidudu.

Fimbo ndiyo kipimajoto chako. Siku ya nne au ya tano ichomoe, ishike mara moja. Ikiwa ya moto kiasi cha kutaka kuiachia na ina unyevunyevu, rundo limewaka. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na imelowa, na rundo linanuka yai bovu, maji yamezidi na hewa haipo: pindua, ongeza makavu. Likinuka mkojo, majani mabichi au samadi ni nyingi, dawa ni ileile ya makavu.

Kamata konzi ya vitu kutoka katikati uikamue. Matone mawili matatu ndiyo unyevu sahihi. Yakitiririka, ni tope. Yasipotoka kabisa, vijidudu vinakufa kiu.

Pindua baada ya wiki mbili au tatu, vya nje viingie ndani. Pindua tena wiki tatu baadaye. Miezi miwili na nusu hadi mitatu imeiva.

Umefanikiwa ikiwa: huwezi kutambua jani wala samadi, rangi ni kahawia nzito, fimbo ni baridi hata ukimwagia maji, na harufu ni ya ardhi iliyoguswa na mvua ya kwanza.

Tahadhari: kinyesi cha mbwa, paka na binadamu kisiingie. Taka za mjini zenye betri, rangi za ukuta au vyuma zisiingie hata kwa bahati mbaya, maana mboga za majani huzoa risasi na kadmiamu, na kwenye udongo mchachu kadmiamu huingia kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, maji ya mto unaopokea majitaka ya viwanda usimwagilie mboga, hata kama jirani anafanya hivyo na mboga zake zinanenepa.

Na vumbi la mbao, jamani. Niliwahi kuuziwa viroba vya "mboji iliyoiva" kando ya barabara, nyeusi, imechekechwa vizuri. Ilikuwa vumbi la mbao lililolowekwa kwenye maji ya samadi. Vijidudu vinavyokula mbao hunyang'anya nitrojeni yote ya udongo, mboga zangu zikakaa njano miezi miwili. Siku hizi nikitaka kununua, natia konzi ya mboji kwenye mfuko wa plastiki, nafunga siku tatu. Ukifungua ikanuka kali au ikawa na joto, haijaiva.

## Hatua ya 6: Andaa tuta

Wiki mbili kabla ya kupanda, weka kamba, tifua kwa uma au jembe mpaka sentimita 30 bila kugeuza udongo wa chini kuja juu. Kama ulikuta tabaka gumu kwenye Hatua ya 2, hapa ndipo unalivunja, mara moja tu. Baada ya hapo usilime kwa kina tena.

Sababu ni kuvu. Ardhini kuna nyuzi za kuvu nyembamba kuliko unywele zinazojiunga na mizizi ya kunde, maharage, vitunguu, nyanya na mahindi, na kuiletea fosforasi na zinki kutoka mahali mzizi wenyewe haufiki. Kila jembe linapozama, nyuzi hizo hukatika. Mchicha na jamii ya kabichi, sukuma wiki ikiwemo, hazishirikiani na kuvu hao, kwa hiyo zenyewe hutegemea zaidi pH na mboji yako. Wengi hawalijui hili, wananunua kuvu ya pakiti na kuitia kwenye sukuma wiki.

Sambaza mboji madebe manne ya lita 20 juu ya mita tisa za tuta, uichanganye kwenye sentimita 10 hadi 15 za juu. Misimu inayofuata, madebe mawili yanatosha.

Kama fosforasi ilikuwa ndogo na pH yako ni chini ya 6, mbolea ya Minjingu (mawe ya fosfati yaliyosagwa) inafaa, kwa kuwa uchachu wa udongo ndio unaoiyeyusha. Kwenye udongo wa chokaa wa pwani haitayeyuka.

## Hatua ya 7: Zinki, ikiwa majibu yamesema

Gramu 25 za salfeti ya zinki kwa tuta zima. Ni kidogo, vijiko vichache. Changanya na ndoo ya mchanga mkavu ili isambae sawasawa, nyunyiza, changanya na udongo. Inakaa miaka kadhaa, usirudie kila msimu. Zinki ikizidi ni sumu kwa mmea, na haiondoki.

## Hatua ya 8: Panda kwa mchanganyiko, funika ardhi

Mistari miwili ya sukuma wiki, sentimita 60 kati ya mstari na mstari, 45 kati ya mche na mche. Katikati mstari wa kunde, sentimita 20 kila shina. Pembeni nyunyiza mchicha, ambao utaung'oa kabla sukuma wiki haijaufunika.

Kunde zipo kwa kazi mbili: zinakamata nitrojeni ya hewani, na zinawalisha wale kuvu ambao sukuma wiki na mchicha haziwalishi. Majani yake pia ni mboga nzuri kuliko watu wanavyoipa heshima.

Weka matandazo ya nyasi kavu zisizo na mbegu, sentimita 5, yasiguse shina. Palipo na mchwa wengi weka membamba na uongeze mara kwa mara. Ardhi iliyofunikwa hubaki na unyevu, na kwenye udongo mkavu madini hayatembei kuelekea mzizini hata kama pH ni ya kupendeza.

## Hatua ya 9: Mbolea ya kukuzia, kwa mkono mzito

Kama mboji ilikuwa nzuri, huenda usihitaji. Sukuma wiki ikikawia wiki ya nne, weka CAN kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina, sentimita 10 kutoka kwenye shina, ufukie na umwagilie. Urea inafanya kazi, ila ukiirudia miaka mingi inauchachusha udongo ulioukomboa kwa chokaa.

Nitrojeni nyingi ndiyo inayowadanganya watu. Jani linakuwa pana, kijani kilichoiva, sokoni linauzika. Ndani yake limejaa maji na naitreti (nitrojeni ambayo mmea haujaitumia), vitamini C imepungua, na vidukari huliona kutoka mbali. Baada ya kuweka mbolea subiri angalau wiki moja ndipo uvune.

Umefanikiwa ikiwa: majani machanga na makuukuu yana kijani kinachokaribiana. Machanga yakiwa njano yenye mishipa kijani, chuma au zinki imefungwa, rudi kwenye pH. Makuukuu yakianza njano yote, ni nitrojeni. Zambarau upande wa chini wa jani ni fosforasi, au baridi tu.

Linganisha na ile mita moja ya mwisho. Ng'oa shina moja kila upande uoshe mizizi. Tofauti huonekana zaidi kwenye mizizi kuliko kwenye majani.

## Hatua ya 10: Usiyapoteze jikoni

Vuna asubuhi au jioni, upike siku hiyohiyo. Osha kabla ya kukata, maana ukikata kwanza utaosha na vitamini. Osha kwelikweli lakini: vumbi jekundu likibaki kwenye majani, hata maabara itahesabu chuma cha udongo kama chuma cha mboga.

Magadi kwenye kunde na maharage, najua mama zetu walitufundisha, yanalainisha haraka. Pia yanaua vitamini C na vitamini B1. Maharage yaloweke usiku mzima, maji yale uyamwage, yataiva mapema na zinki yake itafyonzwa vizuri zaidi tumboni. Mboga ipike kwa maji kidogo usiyoyamwaga. Kamulia limau au ndimu mezani ili chuma cha mboga kifyonzwe, na chai iache ikae saa moja baada ya chakula.

## Hatua ya 11: Pima tena

Baada ya mwaka mmoja pima pH peke yake. Baada ya miaka miwili au mitatu rudia vipimo vyote vinne, kwenye maabara ileile, kwa sababu maabara mbili zenye njia tofauti zitakupa namba zisizolinganishika. Chukua sampuli mwezi uleule uliochukua mara ya kwanza, na ile mita moja ya mwisho itengenezee mfuko wake. Lebo andika kwa penseli na uiweke ndani ya mfuko wa pili juu ya ule wenye udongo. Wino hufutika kwa unyevu, na nimeshapoteza majibu ya msimu mzima kwa kalamu.